Ukishafunga Lango

Daftari lenyewe ni la kawaida, lile kubwa la jalada gumu jeusi lenye mgongo mwekundu. Mtu alikuwa amelipiga mistari kwa rula akaligawa pande mbili. Kushoto: tarehe, jike au dume, rangi, katoka wapi. Kulia: tarehe ya kutoka, kaenda wapi. Nilipewa nilinyooshe kwa sababu wafadhili walikuwa wanauliza kituo kina mbwa wangapi hasa, na hesabu ndiyo kazi yangu. Nimeweka vitabu vya nyumba za kupangisha wageni hapa Malindi miaka kumi na sita sasa. Nikakaa chini ya mwembe, nikaanza kusoma. Kushoto kumejaa, ukurasa kwa ukurasa, hati za watu wanne au watano tofauti. Kulia kweupe.

Si kweupe kabisa. Hapa na pale kuna neno. "Nairobi." "Watamu, mama wa hoteli." Mara moja "Ujerumani", limepigwa mstari mara mbili kwa furaha. Lakini kwa kila mmoja aliyeandikiwa pa kwenda kulikuwa na wengi ambao hawakuandikiwa kitu. Nikamwita kijana wa zamu, nikamwuliza hawa wote wako wapi, maana kwa daftari lile kituo kingekuwa na mbwa mia sita na ushei, na mimi kwa macho yangu sikuona hata mia mbili.

"Wengine wapo," akasema. "Wengine hawapo."

"Hawapo vipi?"

Akatupa jicho nyuma ya jiko, kule ardhi ilikokuwa imetifuliwa, kisha akanitazama mimi. "Si unajua, dada."

Kituo chenyewe sitakitaja. Kiko kwenye pwani hii yetu kati ya Kilifi na Malindi, na wanaokijua wanakijua. Swali ninalolibeba tangu siku ile ni kubwa kuliko lango lile moja: mtu anayetenda wema kupita uwezo wake, wema wake unaishia wapi? Na sisi tunaomtazama, tuna haki gani ya kufungua mdomo?

Ngoja kwanza niseme nilivyofika pale, maana bila hilo haya mengine yatasikika kama maneno ya mtu aliyekaa barazani akihukumu.

Machi 2020. Tarehe 25 ndege za kimataifa zikasimamishwa, siku mbili baadaye kafyu ikaanza, na mwanzoni mwa Aprili njia za kuingia na kutoka Kilifi zikafungwa. Mji unaoishi kwa wageni ukanyamaza. Waitaliano wenye nyumba kule Casuarina walikuwa wameshaondoka na ndege za mwisho, na katika nyumba nilizokuwa nikiziwekea vitabu walibaki mbwa watano. Wanne walipata pa kwenda. Wa tano alikuwa jike la kahawia, mbwa wa kienyeji tu, sikio moja limekatika. Askari alimwita Simba, jike hivyohivyo. Mwenye nyumba aliniandikia kwamba nifanye nitakavyoona. Askari watatu wakapunguzwa akabaki mmoja, na huyo mmoja akawa anagawana na Simba sima yake mpaka siku aliyoniambia, kwa aibu kubwa, kwamba nyumbani kwake sima yenyewe imekuwa ya kupimwa.

Basi nikampakia kwenye tuktuk. Dereva alikataa mpaka nilipotandika gunia. Nikampeleka kituoni na mfuko mmoja wa chakula na shilingi elfu moja. Mama mwenye kituo, mgeni aliyekuja likizo zamani akabaki, alitupokea kwa mikono miwili. Hakuuliza swali. Alichuchumaa, akamwacha Simba amnuse mkono, akasema, "Karibu, mtoto." Sikuacha hata namba yangu ya simu. Nikarudi Shela, nikajitwaharisha, nikaswali, nikalala usingizi mwepesi wa mtu aliyefanya jambo jema.

Elfu moja. Mbwa huishi miaka kumi, kumi na miwili. Ni kama shilingi mia moja kwa mwaka, na mimi nikahesabu sadaka.

Simba yumo katika daftari. "28/4. Jike. Kahawia. Casuarina." Kulia kweupe.

Malalamiko juu ya kituo si siri. Kaa kwenye kibanda cha chai nje ya lango, utayasikia yote kabla chapati haijaiva. Ati mbwa wagonjwa wamechanganywa na wazima. Ati majike na madume wanakaa banda moja wakingojea daktari, na daktari akija anakuta jike aliyekuja kufungwa uzazi tayari ana mimba. Ya mbwa ni siku 63 tu, haisubiri mtu. Ati picha zinazotumwa nje ni za wale wazuri wa macho, wenye vidonda hawapigwi. Ati hela. Kuhusu hela nitasema moja tu kwa sababu nimeviona vitabu: sikuona wizi. Niliona risiti za unga na omena, risiti za dawa za kupe, na deni la maji. Ingekuwa rahisi zaidi kuandika makala haya kama ningeona wizi.

Mawili kati ya malalamiko hayo yalininyima raha. La kwanza ni la pavo, ule ugonjwa wa kuhara damu unaomaliza watoto wa mbwa. Virusi vyake haviondoki na mgonjwa. Vinakaa kwenye udongo miezi mingi, sabuni ya kawaida haiviwezi. Kwenye saruji unaweza kuvipiga kwa jiki, kwenye mchanga wa kwetu huu utapiga jiki mpaka lini? Sasa kila gunia la watoto wa mbwa linalopokelewa kwa huruma linamwagwa juu ya udongo uleule uliowaua waliotangulia. Watoto hao hawajachanjwa, na hata wakichanjwa siku hiyohiyo kinga haiji siku hiyohiyo. Wanafika wazima, wanaruka, wanapewa majina. Siku ya tano wanaanza kutapika. Mtu aliyewaleta yuko kwake amelala, kama nilivyolala mimi.

La pili ni la vijana wanaoosha mabanda. Mbwa wanaookotwa hawana historia. Hujui nani kang'atwa na nani. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakuna hospitali itakayokurudisha. Ipo chanjo ambayo mtu wa kazi kama ile hupewa mapema, kabla hajaumwa. Hao vijana hawakuwa wamepewa. Mmoja alipong'atwa kiganja, wenzake walimwosha kwa maji na sabuni robo saa, kama inavyotakiwa, halafu wakachangiana kununua sindano, moja baada ya moja. Nilipouliza kwa nini hawakumwambia Mama mapema, mkubwa wao alinijibu, "Dada, sisi ni vibarua. Na Mama mwenyewe hana chanjo." Ilikuwa kweli. Hana.

Hapo ndipo kila mazungumzo juu ya kituo hukwama. Yule mwanamke hajitofautishi na kazi yake. Ameuza gari. Analala stoo na watoto wa mbwa wasio na mama, anaamka saa nane usiku kuwapa maziwa kwa bomba la sindano. Utamlaumu mtu wa namna hiyo vipi? Ukimlaumu unaulizwa swali moja, nalo linafunga kinywa: wewe umefanya nini?

Nimelifikiria sana swali hili, kwa sababu jibu langu lilikuwa "elfu moja". Nadhani ni swali zuri likiulizwa kwa nia ya kumleta mtu kazini, na ni swali baya likiulizwa kumnyamazisha. Mgonjwa haambiwi asilalamikie dawa kwa kuwa si daktari. Na katika kituo cha mbwa mgonjwa hana hata ulimi wa kulalamika, kwa hiyo ikiwa wanaoruhusiwa kusema ni wale tu wanaotenda, na wanaotenda wamechoka mno hata kuona, basi hakuna atakayesema. Sisi wa kaunti hii tungepaswa kulijua hili kuliko wengine. Aprili 2023 walianza kufukua miili kule Shakahola, ikapita 400. Sifananishi, Mungu aniepushe. Nasema tu kwamba tulishaona mtu kusifiwa kwa jambo takatifu kukiwa kibali cha kutoulizwa kilichoko nyuma ya ua.

Kuna wanaosema mjadala mzima huu ni wa walioshiba. Watu kwanza. Nawaheshimu, kwa sababu wakati ule wa ukame, mvua zilipokosa msimu baada ya msimu mpaka 2023, Magarini na Ganze watu walipanga foleni ya mahindi ya msaada. Lakini wanaokaa na mbwa hawa ni watu haohao. Mbwa ndiye mlinzi wa mbuzi wa mtu asiyeweza kuajiri askari. Na kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa maskini na wa watoto: Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa nao kila mwaka duniani, karibu wote kwa mbwa, na asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto chini ya miaka 15. Ukitaka kuwatenga watu na mbwa, itabidi kwanza uende uwatenganishe kule nyumbani.

Mama yangu mzazi hakujua ninakokwenda kila Jumamosi. Kwetu Shela, kama sehemu kubwa ya pwani, tunafuata Imamu Shafii, na mate ya mbwa ni najisi: unaosha mara saba, moja kwa udongo. Nilikuwa na nguo zangu za kituoni kwenye mfuko, na mabonge ya udongo msafi nyuma ya bafu. Siku aliponigundua hakufoka. Aliniuliza, "Mwanangu, huko unapokwenda wanakula?" Nikasema wanakula, lakini hawashibi wote. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi mkumbuke yule wa paka."

Kila mtoto wa chuoni anazijua hadithi mbili. Ya kwanza ni ya mwanamke mwenye dhambi, kahaba, aliyemwona mbwa anazunguka kisima, ulimi nje kwa kiu; akavua kiatu chake, akakifunga kwa mtandio, akamchotea maji, na kwa hilo akasamehewa. Ya pili ni ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Nilikuwa nikidhani huyo wa pili alikuwa mkatili, alimpiga au alimchoma. Hapana. Alimfungia. Hakumlisha, na hakumwacha atoke ajitafutie wadudu wa ardhini. Hadithi inayataja yote mawili, kutolisha na kutoachia, na ni hilo la pili ambalo nilikuwa sijawahi kulisikia vizuri mpaka Mama aliponirudisha kwake.

Wanawake wawili, wanyama wawili. Aliyesamehewa hakumchukua mbwa nyumbani. Hatujui mbwa yule aliishi siku ngapi baadaye, na hakuna aliyemdai yule mwanamke hesabu hiyo. Alikuwa mpita njia. Alitoa alichokuwa nacho, kiatu na mtandio, akaendelea na safari. Aliyeadhibiwa, kosa lake lilianza pale mlango ulipofungwa. Kabla ya hapo paka yule hakumdai kitu. Paka wa mtaani anaishi kwa shida, pengine angekufa kwa njaa hukohuko nje, na hakuna ambaye angeulizwa. Lakini ukishafunga mlango umemnyang'anya yule mnyama njia zake zote isipokuwa wewe. Tangu dakika hiyo njaa yake ina jina lako.

Sheria yetu ya nchi inasema karibu jambo hilohilo kwa lugha kavu. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, haimtafuti mwenye fimbo peke yake. Inamgusa pia mwenye mnyama mikononi mwake anayemwacha bila chakula na maji. Mwenye mnyama mikononi mwake. Haiulizi kama nia yake ilikuwa njema.

Kwa hiyo nadhani tunakosea tunapoyaita mambo mawili kwa jina moja la huruma. Kuna huruma ya kisimani na kuna huruma ya nyuma ya lango. Ya kisimani haina kipimo, mpe maji kila unayemkuta. Ya nyuma ya lango ni amana, na amana ina kipimo na ina hesabu: wangapi, wanakula nini, nani kaumwa lini, nani kafa kwa nini. Mtu anayepokea amana kuliko anazoweza kutunza hajawa mkarimu zaidi. Anachukua posho ya aliyeko ndani kumlipa anayebisha hodi.

Nilimwambia Mama wa kituo maneno haya, si yote na si kwa mpangilio huu, jioni moja tukiwa tunapanga chupa za dawa. Alinisikiliza. Kisha akasema kwa Kiswahili chake, "Mimi nikisema hapana, yeye anakufa. Mimi nikisema ndiyo, labda."

Sijawahi kupata jibu la kumaliza kwa sentensi ile. Ni kweli. Mtu anakuja na gunia, anasema usipowachukua nawatupa, na anawatupa kweli. Jaa liko karibu, bahari iko karibu. Ukimwambia "hapana" unamwona usoni yule atakayekufa. Wale watakaokufa kwa "ndiyo" huwaoni, wamo ndani, na hakuna anayejua ni yupi kati yao atakuwa malipo. Hilo ndilo linalofanya "ndiyo" iwe tamu. Lakini kutochagua ni kuchagua pia. Tofauti ni kwamba uchaguzi unafanywa usiku, wakati vijana wamelala, na wanaochagua ni pavo, njaa, na yule dume mkubwa wa banda la tatu. Alfajiri kijana anachukua jembe. Ndiyo maana upande wa kulia wa daftari ulikuwa mweupe. Si kwamba walikuwa wakificha. Kila kifo kilitokea bila mtu kukiamua, na jambo lisiloamuliwa na mtu hakuna anayejua aliandike vipi.

Kuna jambo moja ambalo kwalo nadhani amekosea kabisa, nami nilimwambia. Hakubali mbwa yeyote alazwe kwa sindano. Nimemwona mmoja mwenye distempa, mwili mzima unaruka kama unaopigwa umeme, taya zinagongana, siku ya sita, ya saba. Daktari wa mifugo alikuwa ameshasema. Mama akasema hapa hatuui. Najua linakotoka neno hilo. Kwa miaka mingi mbwa wa mitaani katika nchi hii walipunguzwa kwa sumu kwenye vipande vya nyama, na aliyewahi kuona mbwa akifa kwa sumu ile hataki tena kusikia habari ya kuua kwa ajili ya utaratibu. Lakini "hatuui" ilikuwa ahadi aliyojipa yeye, na aliyeilipa alikuwa yule mbwa. Alikufa siku ya tisa. Nilimwandika mwenyewe.

Haya yote nayasema juu ya mtu mmoja, na hapo ndipo ninapoanza kujishuku. Kwa sababu nikirudi kwenye daftari na kusoma kushoto badala ya kulia, safu ya "katoka wapi", naona mji wangu wote. Hoteli. Hoteli. Shule. "Amefungwa langoni usiku." Bucha. Nyumba ya mgeni. Nyumba ya mgeni. "Mwenyewe kahamia Mombasa." Casuarina. Kituo hakikuzidiwa kwa bahati mbaya, kilizidiwa na sisi, mmoja mmoja, kila mtu na mbwa wake mmoja tu na sababu yake nzuri. Na kila mmoja alipoondoka alihisi kwamba mlango uliofungwa nyuma yake ni mlango wa mtu mwingine. Lakini ni mimi niliyemtoa Simba kwenye uwanja aliojua kila kona yake, alikokuwa na jaa la hoteli ya pili na kivuli cha mkwaju. Mama wa kituo alishika komeo tu.

Tuna mifano jirani ya kufanya vingine. Kule Watamu mvuvi akinasa kasa wavuni huwapigia simu watu wa uokoaji. Kasa anapimwa, anawekwa alama, anarudishwa majini, na mgonjwa tu ndiye anayelazwa kwenye mabwawa yao mpaka apone. Lamu, tangu 1987, kuna hospitali ya punda inayotibu bila malipo: punda anaingia na mwenyewe, anatoka na mwenyewe. Ni kazi zenye sifa, na ukitazama utaona kwa nini haziziki chini ya uzito wake. Anayeingia ana pa kurudi. Kasa ana bahari, punda wa Lamu ana mzigo unaomngoja. Mbwa bahari yake ni nyumba ya mtu. Hakuna pori la kumrudisha. Ndiyo maana kituo cha mbwa kisichofanya kazi nje ya ua wake lazima kijae. Ni hesabu tu, haihitaji ubaya wa mtu.

Na kazi ya nje ya ua inajulikana. Serikali yenyewe iliiandika katika mpango wake wa mwaka 2014 wa kutokomeza kichaa cha mbwa ifikapo 2030: chanja angalau asilimia 70 ya mbwa, mwaka baada ya mwaka, kijiji kwa kijiji. Ukishakuwa na timu ya kufika kijijini na sindano, timu hiyohiyo inaweza kumfunga jike uzazi. Lakini nani atatuma pesa kwa picha ya jike mzima, mnene, mwenye mwenyewe, ambaye hatazaa? Picha inayotoa machozi Ulaya ni ya mtoto aliyekonda nyuma ya wavu. Kwa hiyo hela zinamfuata aliyeko nyuma ya wavu, na wavu unarefushwa.

Tulipatana jambo dogo. Nikapaka ubao rangi nyeusi, tukautundika langoni, na kila asubuhi kijana wa zamu anaandika kwa chaki idadi ya mbwa waliopo na idadi ya nafasi. Mama hakuupenda ubao ule. Alisema unaonekana kama wa benki. Nafasi imekuwa sifuri karibu kila siku tangu tuutundike, na mara nyingi amefungua lango akiwa ameusimamia.

Jumamosi moja alikuja kijana wa bodaboda na gunia la unga limefungwa mdomo, linacheza. Kijana wa zamu akamwonyesha ubao. Yule akasema sawa, basi atawapitisha Sabaki, mto hauna ubao. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayetaja bei. Mama akawa ameshashika komeo. Sijui nilipata wapi ujasiri, niliweka mkono wangu juu ya wake, nikamwuliza yule kijana, "Mama yao yuko wapi?"

"Mama wa nani?"

"Wa hao."

Akashangaa. Hakuna aliyewahi kumwuliza. "Yupo nyumbani, Kakuyuni. Si ndiye analinda mbuzi."

"Amezaa mara ngapi?"

"Hii ya nne, ya tano."

Watoto walikuwa wanne, umri wa miezi miwili hivi, wanakula wenyewe. Nikafanya hesabu palepale langoni, maana ndicho ninachokijua. Kumfunga uzazi jike yule kungegharimu pungufu ya kuwalisha wanne wale ndani kwa miezi michache, wakiishi. Nikamwambia Kakuyuni nitampa unga na omena za wiki sita, tutawachanja hukohuko, na Jumatano namfuata mama yao. Yeye asubiri tu, asiwapeleke popote. Akafikiria, akauliza omena kiasi gani. Tukaelewana. Akaondoka na gunia lake, safari hii mdomo umelegezwa.

Mama wa kituo alisimama akiitazama pikipiki mpaka ikapotea barabarani. "Wewe umewarudisha," akasema.

"Ndiyo."

"Akiwatupa?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule sikulala.

Hakuwatupa. Jike alikuja Jumatano kwenye tenga, akashonwa, akarudi kwa mbuzi wake siku ya tatu. Watoto wawili walichukuliwa na majirani hukohuko Kakuyuni, mmoja kabaki na mama yake. Wa nne alianza kutapika wiki ya pili, kabla ya chanjo ya pili, akafa. Nilipomweleza Mama hakusema nami siku kadhaa, na sidhani alikosea. Hakuwahi kuingia langoni kwetu, lakini nilimwandika kwenye daftari hata hivyo, kushoto na kulia, tarehe na sababu. Kulia kumeanza kujaa sasa. Vijana wananiletea tarehe bila kuulizwa, wengine wanakumbuka mpaka za mwaka juzi: huyu alikuwa na uvimbe, huyu alipigana, huyu alizeeka tu.

Mstari wa tarehe 28 Aprili nimewauliza wote. Mmoja anasema jike la sikio moja alichukuliwa na watu wa Mtwapa. Mwingine anasema hapana, huyo alikuwa mwingine. Sijauandika kitu.